Dansi mupya katika muji wa vita

Wazee wengi banauliza: hii dansi ya kisasa ni mila gani? Tujibu kwa historia. Mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Raia wengi wakafa. Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, alianzisha Studios Kabako kule Kinshasa mwaka 2001. Mwaka 2006 akaihamisha Kisangani. Dansi zake zinasimulia vita na mabomoko yake. Tena vijana walipata fasi ya kutunga zao, sawa Dorine Mokha wa Lubumbashi, aliyefariki mwaka 2021. Hata ngoma za mababu, kila moja ilianzishwa na mtu aliyejaribu. Tukiwanyima vijana fasi ya kujaribu, wajukuu watarithi nini?