Uchungu wa kabla ya siku: historia iliyopita chini ya milima ya Upare

Shighatini iko juu, kwenye milima ya Upare ya Kaskazini, ambako baridi huwanyima raha mbu wa malaria. Lakini maisha ya Wapare hayajawahi kukaa juu tu. Watu hushuka tambarare kulima, kufanya biashara, kuvua katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, na enzi za mkonge walishuka kutafuta vibarua; wengine hupanda na homa. Kwa mjamzito safari hiyo ina hatari yake. Mwili wa mtu wa milimani haujaizoea malaria, hivyo huipokea kwa homa kali, na uchungu unaweza kuanza kabla ya wiki ya 37.

Ilichukua miongo mingi kueleweka kwamba anayeanzisha uchungu huo mara nyingi si kidudu peke yake, bali pia askari wa mwili wenyewe. Mwaka 1938 daktari P.C.C. Garnham, aliyekuwa akifanya kazi Kenya, alichapisha uchunguzi wake wa makondo ya nyuma ya akina mama wenye malaria. Alivutiwa hasa na chembe za kinga: makrofaji, zile zinazomeza wadudu.  Yeye aliwaangalia walinzi.

Kisha ukaja mradi mkubwa wa Pare-Taveta. Kati ya 1955 na 1959, wataalamu wa Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Amani, walinyunyiza dawa ya dildrini kwenye kuta za nyumba za tambarare, upande wa Upare na ule wa Taveta, nchini Kenya. Anofelesi funestasi, mmoja wa mbu wakuu wa malaria, karibu atoweke. Damu ya watu ikaongezeka, vifo vya watoto wachanga vikapungua. Kunyunyiza kulipokoma, malaria ilirudi polepole. Mradi ulipima wengu, damu na vifo. Kilichokuwa kikitendeka ndani ya kondo la nyuma kilibaki gizani, na sioni ajabu, maana zana za kukiona hazikuwapo.

Mwanga ulikuja 1996. Michal Fried na Patrick Duffy, wakitumia makondo kutoka magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vimelea vya malaria ya mimba hujishika kwenye sukari maalumu iliyo katika kondo. Mwaka 2003 ikatambuliwa protini vinayotumia kujishikia, VAR2CSA. Ndipo ikaeleweka vizuri kwa nini, katika maeneo yenye malaria nyingi, mimba ya kwanza huumia zaidi: mama hajawahi kukutana na sura hiyo ya kimelea, kwa hiyo hana kingamwili dhidi yake.

Duffy na Fried, pamoja na wenzao, walihamishia kazi yao Muheza, mkoani Tanga. Huko wakafuatilia chembe nyeupe za damu zinazojikusanya kwenye kondo lenye vimelea. Chembe hizo humwaga kemikali za vita, kama TNF, na mwako huo unaambatana na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Bakteria wanaopanda kutoka ukeni huwasha moto unaofanana na huo: nutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, na makrofaji huvamia utando wa mtoto, kemikali za prostaglandini huongezeka, mji wa mimba huanza kubana, mlango wa kizazi hulainika, na vimeng'enya vya nutrofili hudhoofisha utando mpaka chupa inapasuka mapema. Mtoto njiti anayezaliwa hivyo amezaliwa katikati ya mapigano yaliyokusudiwa kumwokoa mama yake.

Ndiyo maana mjamzito hupewa kliniki dawa ya kuzuia malaria iitwayo SP (sulfadoksini-pirimethamini) na chandarua chenye dawa. Tatizo ni kwamba vimelea vya kaskazini mashariki mwa Tanzania vimeizoea SP. Jaribio kubwa lililofanywa Kenya, Malawi na Tanzania, likiwamo eneo la Korogwe, matokeo yake yakichapishwa 2023, lililinganisha SP na mseto wa dawa nyingine mbili za malaria, dihidroartemisinini na piperakwini. Mseto uliishinda SP katika kuzuia malaria, lakini haukupunguza matatizo ya mimba na ya kuzaliwa, na watoto wa mama waliopewa SP ndio waliozaliwa wakubwa zaidi. Wanasayansi sasa wanajiuliza kama SP, ambayo pia huua baadhi ya bakteria, inapoza ule moto kwa njia nyingine isiyohusu malaria kabisa.