Dinari Mbili za Msamaria

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, wazazi wetu walitibiwa bure katika zahanati za serikali, na mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku matibabu binafsi ya kutafuta faida. Hospitali za makanisa ziliruhusiwa kuendelea, nyingi zikitoza ada. Mwaka 1993, uchumi ukiwa umeyumba, serikali nayo ilianza kuwachangisha wagonjwa katika hospitali zake. Wasio na uwezo waliwekewa msamaha, lakini iliwapasa kwanza kuthibitisha umaskini wao.

Kwa mkulima wa Mkange, fedha huja na mavuno. Homa haisubiri mavuno. Ndiyo maana Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996, ulizitaka kaya zitangulize mchango kabla ya kuugua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imefuata njia hiyo.

Katika Luka 10, Msamaria alitanguliza dinari mbili, akaahidi kulipa zitakazozidi. Matibabu yana gharama; Bwana wetu hakulificha jambo hilo. Basi tusiishie kumwombea jirani asiye na kadi. Tuulizane usharikani: mchango wake tutaulipaje?