Tarehe ya John Daly wa London na Pambano la Kinshasa

Hii ni tarehe ya John Daly, promota Mwingereza, na habari ya namna pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilivyofika Kinshasa mwaka 1974. Tumeiandika kwa sababu huku kwetu Kigwena, na Rumonge sokoni, na hadi Nyanza-Lac, ubishi wake haujakatika. Wenzetu wanaovuka ziwa kutoka Fizi na Uvira husema pambano lile lilikuwa la Mobutu, rais wa Zaire, peke yake. Vijana waliokulia kwenye sinema husema lilikuwa la Don King. Hao wawili wana fungu lao na tutawapa. Jina la Daly ndilo lililoachwa nje, na mwenye haki hanyimwi haki yake.

Daly alizaliwa London mwaka 1937. Mwaka 1967 alishirikiana na mwigizaji David Hemmings, aliyekuwa amevuma kwa filamu ya Blow-Up, wakafungua kampuni wakaiita Hemdale. Hemmings hakukaa sana, akatoka, na kampuni ikabaki mikononi mwa Daly. Mapromota Uingereza walikuwa wengi. Katika ndondi walikuwapo Harry Levene na Mickey Duff. Katika mieleka walikuwapo Max Crabtree na Brian Dixon. Jarvis Astaire aligusa yote mawili. Wote hao walijaza kumbi za kwao, lakini mkanda wa dunia wa uzito wa juu ulikuwa haujawahi kupiganiwa katika ardhi ya Afrika mpaka Daly na wenzake walipouleta.

Sasa habari ya Don King. Huyu ni mtu wa Cleveland, Marekani, aliyetoka gerezani mwaka 1971. Tarehe 22 Januari 1973 alikuwa Kingston, Jamaika, Joe Frazier alipotetea mkanda wake mbele ya Foreman. King aliingia uwanjani na kundi la Frazier. Frazier akaangushwa mara sita katika raundi mbili. King akatoka uwanjani na kundi la Foreman, naye mwenyewe aliisimulia habari hiyo kwa fahari miaka yote. Mwaka uliofuata alimwendea Foreman, akamwendea Ali, akamwahidi kila mmoja dola milioni 5, kitita ambacho hakuna bondia aliyewahi kulipwa. Wote wawili wakatia saini. Ila King alikuwa na saini mbili mkononi na fedha hana.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame. Saini ya bondia bila fedha haipigi kengele ya raundi ya kwanza. Fedha zilitoka pande mbili. Upande mmoja ni serikali ya Zaire, iliyoingia kupitia kampuni iliyosajiliwa Panama, Risnelia Investment. Upande wa pili ni Hemdale ya Daly. Picha zilikuwa kazi ya Hank Schwartz na kampuni yake ya New York, Video Techniques, ambamo King alikuwa na cheo. Na kwa hesabu rasmi, mapromota wa pambano la Kinshasa walikuwa Hemdale na Video Techniques. Anayesema pambano lilikuwa la King peke yake anamsifu mshenga na kumsahau aliyetoa mahari.

Mtu atauliza, London na New York zina faida gani kupeleka mabondia wapigane Kinshasa? Faida haikuwa kwenye tiketi za uwanjani. Miaka ile pambano kubwa lilirushwa kwa setilaiti hadi kwenye kumbi za sinema na viwanja vya ndani, Marekani, Ulaya na kwingineko, na watu wakalipa kiingilio mlangoni kutazama kwenye pazia. Kwa hiyo ulingo ungeweza kusimamishwa popote penye serikali iliyo tayari kubeba gharama. Schwartz alikuwa amekwisha jifunza ubaya wa serikali isiyokubali. Mwezi Machi 1974, Foreman alipompiga Ken Norton mjini Caracas, Venezuela ilidai kodi, na msafara ukazuiwa kuondoka. Zaire ilikuwa tofauti. Mobutu alitaka jina la nchi yake, lililobadilishwa mwaka 1971, litajwe duniani kote kwa wiki nzima, naye akalipia.

Kuna jambo la Ali ambalo tarehe za ndondi hulipita haraka, nasi hatutalipita. Ali alijifunza kazi ya mdomo kwa mwanamieleka. Mwaka 1961, akiwa bado kijana Cassius Clay, alimkuta Las Vegas mwanamieleka Gorgeous George, mwenye nywele ndefu na majivuno yasiyo na kipimo, na akaona watu wanavyojaa ukumbini kwa hamu ya kumwona akipigwa. Tangu hapo akajua kwamba anayekuchukia hununua tiketi sawa na anayekupenda. Mapromota wa mieleka wa Uingereza walikula kwa elimu hiyo hiyo. Basi Daly aliponunua pambano la Ali, alinunua mtu aliyekwisha kulinadi nusu yake kwa ulimi wake.

Kinshasa yenyewe ilichagua upande mapema. Foreman alishuka na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, wa aina ile ile waliyoitumia polisi wa Wabelgiji. Wazee wetu wa Burundi, waliokaa chini ya Wabelgiji hao hao, hawahitaji kuelezwa zaidi: wakisikia habari ya mbwa yule hutikisa kichwa na kusema Foreman alishindwa uwanjani mwa ndege. Tangazo la King lililocheza na habari ya meli za watumwa nalo liliwaudhi wenyeji, likaondolewa.

Pambano lilipangwa 25 Septemba. Siku chache kabla, Foreman alipasuka juu ya jicho mazoezini. Alitaka kwenda kutibiwa Ulaya, hakuruhusiwa. Mabondia wote wawili walibaki Zaire, na pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba. Kwa promota hili ni pigo la kifua. Kumbi zilikwisha kodishwa, waandishi wamekwisha fika, na msimu wa mvua unakuja. Tamasha la muziki, la James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley, liliendelea bila pambano kuanzia 22 hadi 24 Septemba. Tamasha lile lilikuwa na wafadhili wake kutoka Liberia, nasi hatumhesabii Daly.

Usiku ukafika. Kengele iligongwa saa kumi alfajiri ya Kinshasa, ili Marekani watazame saa nne usiku. Kwetu mwambao huu ilikuwa saa kumi na moja, na mwezi ulikuwa mpevu. Kila mvuvi wa ndagala anajua maana yake: taa haina kazi ziwani mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hulala mchangani. Kule Uwanja wa Mei 20 watu wapatao 60,000 walikuwa wamekesha. Foreman alikuwa na ushindi 40 bila kushindwa, 37 kati yake kabla ya kengele ya mwisho. Ali, mwenye miaka 32, aliegemea kamba, akakinga uso kwa ngumi zake, akamwacha kijana ajichoshe. Raundi ya nane akatoka kwenye kamba na kumwangusha. Haukupita muda mrefu mvua kubwa ikashuka na kuufurikisha uwanja. Ingekuja saa chache mapema, fedha za Hemdale na za Zaire zingekwenda na maji. Wazee husema mvua ile ilishikwa. Nasi tunaandika walivyosema.

Turudi kwa Daly. Baadaye alihamia Los Angeles, na kampuni yake ikatoa The Terminator mwaka 1984. Ikafuata Platoon, kisha The Last Emperor, zikatwaa Oscar ya filamu bora miaka miwili mfululizo. Hemdale ilianguka miaka ya 1990. Don King alipanda, akawa promota mkubwa kuliko wote, na ukuaji wake ukazidi kufunika majina ya waliokuwa naye Kinshasa.

Hukumu yetu ni hii. King alileta saini, Schwartz alileta picha, Mobutu alileta uwanja na dhamana, na John Daly alikuwa promota aliyeandikwa. Atakayesimulia pambano lile Rumonge au Uvira awataje wote wanne. Daly alifariki Los Angeles tarehe 31 Oktoba 2008, akiwa na miaka 71.