Krispi za ndizi (Karagwe na Kyerwa)

Krispi za ndizi ni vipande vyembamba vya ndizi mbichi vilivyokaangwa hadi vikauke. Wakazi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa wa Kagera, hula ndizi kama chakula kikuu, hivyo ni rahisi kudhani krispi ni ndizi ileile iliyotiwa mfukoni. Sivyo. Ndizi mbichi ya kupika ina takriban kilokalori 120 kwa gramu 100, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Kwenye karai maji hutoka, mafuta huingia, na gramu 100 za krispi hukaribia kilokalori 500, huku takriban theluthi ya uzito ikiwa mafuta. Anayesema potasiamu hubaki anasema kweli, ila huja na mafuta hayo na, mara nyingi, chumvi. Wengine huzitetea kuwa nishati kwa mtoto aliyekonda; lakini ndizi ina protini kidogo, na mafuta hayaiongezi. Sahani ya ndizi na maharage, iliyozoeleka Kagera, humfaa zaidi. Kiganja kimoja cha krispi kwa mtu mzima mwenye afya hakina ubaya, hasa zikikaangwa kwa mafuta ya alizeti yasiyorudiwarudiwa.