"Sasa" na "Zamani": Kumsoma Mbiti kwa Mwanga wa Historia ya Abagusii

Tangu kilipochapishwa mwaka 1969, kitabu cha John S. Mbiti, African Religions and Philosophy, kimekuwa miongoni mwa matini zinazojadiliwa mno katika falsafa ya Kiafrika. Sura iliyozua ubishi mkubwa ni ile ya dhana ya wakati. Humo Mbiti anadai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una pande mbili: yaliyopita, ambayo ni marefu, na yaliyopo. Wakati ujao takriban haupo, kwa kuwa jambo lisilotukia halijawa wakati. Kwame Gyekye alimpinga mwaka 1987 kwa ushahidi wa Kiakan. Makala haya yanafuata njia nyingine: kuichunguza matini yenyewe, kisha kuipima kwa historia ya Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira.

Msomaji makini atatambua kwanza kwamba istilahi na ushahidi wa Mbiti havitoki mahali pamoja. Istilahi zake kuu, "Sasa" na "Zamani", ni za Kiswahili. Lakini jedwali lake la njeo limejengwa juu ya Kikamba na Kigikuyu. Anayakopa maneno hayo ili kukwepa fikra zilizofungamana na maneno ya Kiingereza. Hata hivyo, Kiswahili hakimtii. Mswahili husema "zamani hizi" akikusudia siku zake mwenyewe, na mbele ya "sasa" ana kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Maneno hayo matini imeyaacha nje.

Hata hivyo, haifai kumhukumu kwa pupa. Mbiti hakatai wakati ujao ulio karibu. Anaukadiria kuwa miezi sita, au miaka miwili kwa upeo. Kwa hiyo kumwonyesha kwamba Ekegusii kina neno mambia, yaani kesho, si kumpinga. Vilevile, ingawa W. H. Whiteley alikwishachapisha uchunguzi wa njeo za Ekegusii mwaka 1960, sarufi pekee haiwezi kutuambia watu walitumaini nini. Hapo ndipo historia inapohitajika.

Masimulizi ya Abagusii yanamtaja Sakawa, mtabiri wa mwisho wa karne ya 19, aliyebashiri kuja kwa Wazungu. Ushahidi huu tuutumie kwa tahadhari, kwani masimulizi hayo yaliandikwa baada ya Wazungu kuwa wamekwisha kufika, na utabiri husimuliwa kwa urahisi pale unapokuwa umetimia. Ushahidi ulio imara zaidi ni wa dini ya Mumbo. Ilianzishwa mwaka 1913 na Onyango Dunde wa Alego, Mjaluo, kisha ikaenea Ugusii, nchi iliyokuwa imeshambuliwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1905 na 1908. Ilihubiri kwamba Wazungu watatoweka. Septemba 1914 Wajerumani waliingia mjini Kisii, maofisa wa Kiingereza wakaondoka na mji ukaporwa. Lakini Waingereza walirejea mara.

Mtetezi wa Mbiti atasema kwamba ahadi hiyo ilikuwa ya karibu, na hivyo imo ndani ya "Sasa". Hoja hiyo ina nguvu kwa mwaka 1914 tu. Dini hiyo haikufa ahadi ilipochelewa. Katika miaka ya 1930 bado ilikuwa na wafuasi Ugusii. Watu waliongojea jambo lisilotukia kwa takriban miaka 20 walikuwa wameuvuka mpaka wa miaka miwili.

Kwa hiyo tatizo la matini ya Mbiti liko katika hatua ya kutoka lugha mbili hadi bara zima. Uzito wa jambo hili haukomei katika nadharia. Watawala wa kikoloni waliiona Mumbo kama ushupavu wa watu waliopumbazwa. Tukikubali kwamba Abagusii hawakuwa na wakati ujao wa mbali, tutakuwa tumewanyima hata uwezo wa kutumainia ukombozi wao.