Mwandani

Tumwiteje mtu anayesafiri na Daktari, mhusika mkuu wa Doctor Who, tamthilia ya Uingereza iliyoanza 1963? Neno msaidizi linanuka ofisi. Enzi zile za mwanzo lingefaa, maana kazi ya wengi wa wasafiri hao ilikuwa kuuliza maswali na kupiga mayowe. Lakini Rose Tyler, msafiri wa 2005, ana mama, ana mtaa, na humkatalia Daktari waziwazi. Huyo ni mwandani, mtu wa ndani. Huku Usambara, Abdallah bin Hemedi katika kitabu chake Habari za Wakilindi anamsimulia Mbegha, mwindaji aliyekuja kutawala Vuga, akizunguka na wandani wake, mbwa. Daktari naye alipata mbwa 1977: K9, roboti mjuaji kupindukia. Wa Mbegha walijua nguruwe mwitu, basi.