Bustani ya gunia: mboga za bei nafuu Garissa

Hapa Garissa nilichonunua ni mbegu za sukuma wiki tu. Gunia kuukuu nilikuwa nalo, udongo nilichota kando ya mto Tana, samadi ya mbuzi imejaa mitaani.

Changanya udongo na samadi iliyokauka. Simamisha katikati ya gunia mkebe usio na kitako, ujaze kokoto, zungushia udongo, kisha uvute mkebe juu. Rudia hadi gunia lijae. Maji yatashukia kwenye kokoto. Toboa ubavuni, pandikiza miche. Mimi humwagia maji niliyooshea mchele.

Gunia langu la kwanza mbuzi walilimaliza usiku mmoja. Zungushia miiba. Kambini Dadaab wakimbizi nao wamelima hivi, kwani maji ni haba.